Laptopu Inachemka? Angalia Pesti Kabla ya Kuomba Mkopo

Je, laptopu yako huanza kunguruma kama posho mili dakika kumi tu baada ya kuiwasha? Ukiigusa chini ni moto, na inakwama mteja akiwa amesimama hapo anasubiri fomu yake ichapishwe? Kabla hujaomba mkopo wa kununua nyingine, hebu tuongee kidogo. Kwa wateja wetu wenye saiba, maduka na kazi za mtandaoni, kompyuta ndiyo ofisi. Wakati mwingine kinachoikwamisha ni pesti ya prosesa iliyokauka, kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na laptopu mpya. (Ukifika dukani sema tu "themo pesti", watakuelewa.)

Pesti inafanya kazi gani?

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na ikifanya kazi hutoa joto. Juu yake hukaa kipoza-joto, yaani chuma cha shaba au alumini kinachobeba joto hilo hadi kwenye feni. Kwa macho, nyuso hizo mbili ni laini kabisa. Kwa kweli zina mikwaruzo na vibonde vidogo vidogo vinavyojaa hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Kwa kipimo cha W/mK, ambapo namba kubwa ndiyo bora, shaba iko karibu 400 na hewa iko kama 0.026 tu.

Kazi ya pesti ni kufukuza hiyo hewa. Haiishindi shaba, inaishinda hewa. Ukilielewa hilo, utajua kwa nini kupaka nyingi hakusaidii: unataka ijaze vibonde, si iwe godoro kati ya vyuma viwili.

Miaka ikipita, pesti hukauka na kupasuka. Laptopu za mitumba, zile za ex-UK, huwa zimeshafanya kazi ofisini miaka kadhaa kabla hujazinunua, kwa hivyo pesti yake inaweza kuwa imechoka. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100 za Selisiasi.

Kwanza hakikisha tatizo ni joto

Usitoe pesa kwa kubahatisha. Kama mashine iko polepole tangu unapoiwasha, hata ikiwa baridi, huenda shida ni diski au memori, na pesti haitakusaidia. Kama inaanza vizuri kisha inalegea ikipata moto, hapo shuku joto. Weka programu ya bure kama HWMonitor au Core Temp uone nyuzi zenyewe. Pia angalia vumbi kwenye feni, na usiitumie juu ya kitanda au kochi, kwa sababu inazibwa pumzi.

Ununue ipi?

Kwa kazi za kawaida, pesti isiyopitisha umeme inatosha. Arctic MX-4 na Noctua NT-H1 ni majina yanayojulikana, na bomba la gramu 4 linahudumia mashine kadhaa. Achana na pesti ya metali ya maji. Inapitisha joto sana, sawa, lakini inapitisha umeme pia, na galiamu iliyomo hula alumini. Tone moja likimwagika pabaya, kwaheri ubao mama. Na dawa ya meno? Hapana jamani. Maji yake yakikauka, unarudi palepale ulipoanzia.

Jinsi ya kupaka

1. Kama warantii bado ipo, uliza kwanza kama kufungua kutaiharibu. Kisha zima, chomoa chaja na utenganishe betri. Ukiona betri imevimba, acha hapo hapo, mpelekee fundi.

2. Legeza skrubu za kipoza-joto mos mos. Nyingi huandikwa namba. Kama hazina, fuata mtindo wa msalaba. Kwenye kompyuta za mezani za AMD zenye soketi ya AM4, zungusha kipoza kidogo kidogo kabla ya kukiinua. Ukikivuta kwa nguvu kinaweza kung'oka na prosesa yake.

3. Futa pesti ya zamani pande zote mbili kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, na kitambaa kisichotoa nyuzi. Sanitaiza ya mikono haifai. Ina maji na gliserini zinazobaki juu ya chuma. Subiri pakauke.

4. Kwa kompyuta ya mezani, weka tone katikati, kiasi cha punje moja ya minji. Kipoza kitalisambaza chenyewe kikibanwa. Kwa laptopu, prosesa haina kifuniko, hivyo kila sehemu yake inayong'aa lazima ifunikwe. Weka kiasi cha punje ya mchele, kisha sambaza safu nyembamba kwa kile kikadi cha plastiki kilichokuja na laini ya simu.

5. Rudisha kipoza moja kwa moja bila kukitelezesha. Kaza skrubu kwa zamu hadi zishike, usizinyonge. Unganisha tena feni na betri, washa, kisha pima nyuzi ukifanya kazi ileile uliyokuwa ukifanya mwanzo.

Ukimpa fundi kazi

Si lazima ufungue mwenyewe. Lakini mwombe akuonyeshe nyuzi kabla na baada ya kazi. Fundi akisema "ubao umekufa" bila kupima chochote, tafuta fundi wa pili kabla ya kutoa hata deposti. Kubalianeni bei mapema, na ulipe ukishaona nyuzi zimeshuka.

Wakati wa kulipa, tumia nambari ya kulipia ya duka badala ya kutuma kwa nambari ya mtu usiyemjua. Soma jina linalotokea kabla hujakamilisha muamala. Kama si la duka hilo, simama uulize. Usifute ujumbe wa malipo, ndio risiti yako mashine ikirudia tabia yake wiki ijayo. Na kabla ya kuiacha dukani, toka kwenye akaunti zako zote. Fundi anahitaji bisibisi, hahitaji PIN yako.

Nyuzi zikishuka, umeokoa pesa ya laptopu nzima. Zisiposhuka, angalau umejua kwa gharama ndogo kwamba shida iko kwingine, na kama bado utahitaji mkopo, utauomba ukijua ni wa nini.