Maziwa ya Mtoto Safarini: Usafi Kwanza, Joto Baadaye

Kila askari anaijua karatasi ya uhamisho. Hufika bila kubisha hodi, wala haimwulizi mtu kama mkewe amejifungua juzi. Leo yuko Kampala, na baada ya siku mbili hutakiwa awe Arua, Moroto au Kisoro, pamoja na jamaa yake, magodoro yake na masufuria yake. Yeye mwenyewe amefundishwa kusafiri, na mkewe amejifundisha. Lakini katika msafara huo yumo mmoja ambaye hakufundishwa na mtu, hana subira, wala hawezi kula maharagwe ya njiani. Huyo ni mtoto mchanga. Leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi juu ya chakula cha msafiri huyo mdogo.

Tulipata kusafiri kwa basi kutoka Kampala kwenda Arua, mwendo wa karibu kilomita 500. Katika kiti cha mbele yetu alikaa mke wa askari mmoja pamoja na mtoto wake wa miezi mitatu hivi. Mama huyo alikuwa mwangalifu kweli kweli. Aliamka kabla ya alfajiri, akachemsha maji, akakoroga maziwa ya kopo, akayatia katika chupa mbili za kunyonyea, kisha akazifunga ndani ya taulo nene ili zisipoe. Tulipofika Karuma, jua likiwa la utosi, chupa ya pili ilikuwa bado vuguvugu, naye akafurahi. Hata hivyo aliona joto lile halijatosha, akamwomba mwuza chai wa kando ya barabara aipashe. Mwuza chai, kwa wema wake, akaitumbukiza katika karai la maji ya moto ambamo alikuwa akioshea vikombe vya abiria tangu asubuhi. Mtoto alinyonya, akashiba, akalala.

Tulipovuka daraja la Pakwach alikuwa akitapika. Kabla hatujafika Nebbi alikuwa akihara. Arua mama alishuka mbio kwenda hospitali, mizigo yake akaiacha mikononi mwa abiria wenzake. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, lakini alilazwa siku nne. Tulipokwenda kuwajulia hali, mama alituuliza swali ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Alisema: "Ndugu zangu, kosa langu lilikuwa nini? Mbona maziwa sikuyaacha yapoe hata kidogo?"

Jibu ni chungu: kosa lilikuwa hilo hilo.

JOTO LINALOMFICHA ADUI

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba maziwa ya baridi humdhuru mtoto, na kwamba ya vuguvugu humfaa. Ukweli ni kwamba mtoto mzima wa afya aweza kunywa maziwa safi yaliyopoa bila kudhurika. Joto ni la kumfurahisha tu. Kinachomdhuru ni vijidudu, na vijidudu hupenda joto lile lile analolipenda mtoto. Maziwa yaliyofungwa ndani ya taulo tangu alfajiri si akiba ya chakula. Ni kitalu cha maradhi. Chukueni mfano wa kijidudu kimoja kinachojigawa kuwa viwili kila nusu saa. Baada ya saa moja vitakuwa vinne, baada ya saa tatu vitakuwa 64, na baada ya saa sita vitapita 4,000. Nayo safari ya Arua haiishi kwa saa sita.

Tena kuna jambo ambalo halikuandikwa kwa herufi kubwa juu ya makopo mengi: maziwa ya unga hayakutakaswa yakawa hayana kijidudu hata kimoja. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lilitoa mwongozo juu ya jambo hili. Mwongozo huo wasema unga ukorogwe kwa maji yaliyochemka ambayo joto lake halijashuka chini ya nyuzi 70, kwa kuwa joto hilo huviua vijidudu vilivyomo ndani ya unga. Baada ya kukorogwa, maziwa yapozwe upesi, na yakikaa nje bila barafu yatumiwe kabla ya saa mbili kupita. Yanayobaki chupani baada ya mtoto kushiba hayawekwi; humwagwa. Na kupasha maziwa kusizidi dakika 15.

BARUTI NA FATAKI

Basi mama afanyeje, na njia ni ndefu? Hapa tunaomba ruhusa kutumia lugha ya kambini. Askari yeyote anajua kwamba baruti na fataki havichukuliwi katika sanduku moja. Kila kimoja huwekwa mahali pake, na hukutanishwa wakati wa kazi tu. Ndivyo ilivyo kwa maziwa ya kopo safarini.

Maji yachemshwe, yatiwe yangali yanatokota ndani ya chupa ya chai iliyo safi na inayofunga barabara. Chupa nzuri hulinda joto kwa saa kadhaa. Maji yakishapungua ukali, yachemshwe mengine mahali pa kupumzikia. Unga mkavu upimwe nyumbani, kipimo cha mlo mmoja mmoja, katika vyombo vidogo safi vyenye vifuniko. Mtoto akilia njaa, ndipo viwili hivyo vikutanishwe. Kisha chombo kipozwe kwa kukisimamisha ndani ya maji baridi, lakini maji hayo yasifike mdomoni mwa chombo. Mama adondoshe matone machache juu ya ngozi ya ndani ya kiwiko cha mkono. Yasipomchoma yeye, hayatamchoma mtoto. Asiongeze maji ili kopo lidumu, maana maziwa mepesi hujaza tumbo tu na kuacha mwili na njaa.

Na chombo chenyewe kiwe kikombe. Chupa ya kunyonyea ina pembe, shingo na chuchu ya mpira, ambamo mabaki ya maziwa hujificha kama mwizi darini. Kuisafisha vema huhitaji brashi, sabuni na sufuria ya kuichemshia. Kikombe kidogo kilicho wazi huoshwa kikaonekana ndani chote. Hata mtoto aliyezaliwa jana aweza kunywea kikombe, akipakatwa wima na kupewa polepole, ukingo wa kikombe ukigusa mdomo wake, wala asimiminiwe.

CHAKULA KISICHOHITAJI MOTO

Lakini tusisahau kwamba kuna maziwa yasiyohitaji chupa, taulo wala mwuza chai. Maziwa ya mama huja na joto la mwili, yamekwisha pimwa, na hayajapita katika karai la mtu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hata atimize miaka miwili au zaidi. Katika miezi hiyo sita hahitaji hata maji, ijapokuwa jua la Pakwach ni kali, kwa sababu sehemu kubwa ya maziwa hayo ni maji. Mama ndiye anywe kwa wingi. Mama mwenye virusi vya Ukimwi asiogope wala asiamue peke yake: akitumia dawa zake sawasawa aweza kunyonyesha, akiongozwa na wauguzi wa kliniki yake. Na mtoto aliyepita miezi sita aweza kupondewa ndizi mbivu, chakula cha safari kinachokuja na kifuniko chake.

Jambo hili lina historia kwetu hapa. Katika miaka ya 1960 Profesa Derrick Jelliffe, aliyefundisha tiba ya watoto Makerere, alikuwa miongoni mwa waganga waliopiga kelele juu ya chupa kuenea mahali pasipo na maji safi. Katika hospitali ya Mulago kilianzishwa wakati huo kituo cha Mwanamugimu, cha kuwarudishia afya watoto waliodhoofika kwa utapiamlo. Siku zile chupa ilisifiwa katika matangazo kuwa alama ya maendeleo, na akina mama wengi walihadaika. Tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, kwa kura 118 dhidi ya moja, ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya namna hiyo.

WAJIBU WA BABA, NA WA ALIYE KIZUIZINI

Yuko atakayesema kwamba haya ni mambo ya wanawake. Sivyo. Anayejua saa ya kuondoka ni baba. Anayepanga nani akae mbele karibu na dereva na nani akae juu ya magunia ni baba. Aliyefundishwa kukagua maji kabla ya doria ni baba huyo huyo. Kabla gari halijaondoka, aulize: maji ya moto yapo? Unga umepimwa? Vikombe ni safi? Mama amekula? Ukaguzi huo ni wa dakika tano. Na mtoto akianza kuhara njiani, asinyimwe chakula. Aendelee kunyonya na kupewa maji ya dawa ya kuhara yanayopatikana zahanati. Akilegea, macho yakididimia, au mkojo ukikauka, asingojee mwisho wa safari.

Nanyi ndugu zetu wa polisi mnaosimama kwenye vizuizi vya barabarani, mna nafasi ya pekee. Basi linaposimamishwa likapekuliwa saa nzima juani, mtoto ndiye wa kwanza kuteseka. Mwenye mtoto mchanga apekuliwe mwanzo, aonyeshwe kivuli, na akitaka kunyonyesha aachwe anyonyeshe kwa heshima bila kutolewa macho. Hilo halipunguzi ulinzi hata chembe.

Mama yule wa Arua tulimwacha akimnyonyesha mtoto wake kitandani, maana wauguzi walikuwa wamemsaidia kuyarudisha maziwa yake yaliyokuwa yamepungua. Zile chupa mbili alikuwa amekwisha kuzitupa. Taulo alikuwa amemfunika mtoto.