"More better" ni kosa: Jinsi ya kulinganisha vitu kwa Kiingereza bila kuchapia

Muuza simu anamwandikia mteja kwenye WhatsApp: "This phone is more cheaper then that one." Mteja anaelewa, biashara inaendelea. Lakini sentensi hiyo hiyo ikiwa kwenye barua ya kuomba kazi au karatasi ya mtihani, inaweza kumgharimu mwandishi wake.

Kosa hilo si la uvivu. Chanzo chake ni namna Kiswahili kinavyolinganisha vitu.

"Kuliko" inabeba kila kitu

Kwa Kiswahili tunasema: Juma ni mrefu. Juma ni mrefu kuliko Asha. Juma ni mrefu kuliko wote darasani. Neno "mrefu" halijabadilika popote. Kazi yote imefanywa na "kuliko".

Kiingereza hakiendi hivyo. Kivumishi chenyewe kinabadilika: "tall", halafu "taller", halafu "tallest". Kabla ya kufungua mdomo, jiulize: nalinganisha kitu na kingine, au nataja kinachozidi vyote?

Ukilinganisha, tumia "than": "Kilimanjaro is higher than Mount Kenya." Ni kweli, mita 5,895 dhidi ya 5,199.

Ukitaja kinachozidi vyote, "than" inaondoka na "the" inaingia: "Kilimanjaro is the highest mountain in Africa." Wanaotafsiri "kuliko yote" neno kwa neno huandika "high than all", na hapo ndipo wanapochapia.

Neno fupi, neno refu

Neno la silabi moja huongezewa "-er" au "-est" mwishoni: "cheap, cheaper, cheapest". Likiishia na "e", ongeza "r" au "st" tu: "large, larger, largest". Likiishia na irabu moja na konsonanti moja, konsonanti hiyo kwa kawaida hurudiwa: "big, bigger, biggest".

Neno la silabi mbili linaloishia na "y" hugeuza "y" kuwa "i": "easy, easier, easiest".

Maneno marefu hayaongezewi kitu mwishoni. Yanatanguliwa na "more" au "most": "more expensive", "the most expensive". Mengi ya silabi mbili nayo hufuata njia hii, kama "more careful".

Angalizo: usihesabu silabi kwa macho. Msomaji wa Kiswahili akiona "large" anaona irabu mbili, hivyo anadhani ni silabi mbili. Kiingereza kinahesabu kinachosikika, na "e" ile ya mwisho haitamkwi. Ni silabi moja tu.

Chagua moja, usitumie zote

Hii ndiyo kanuni ya kushika kuliko zote. "-er" na "more" zinafanya kazi ileile, kwa hiyo haziwekwi pamoja. "More cheaper" ni sawa na kuvaa kofia mbili.

Zamani Waingereza wenyewe walichanganya. Shakespeare aliweka "most" na "-est" pamoja katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili. Leo hii, mwalimu atakukata maksi.

Wakaidi wachache

Maneno haya hayafuati kanuni, ni ya kukariri tu:

- "good, better, best"
- "bad, worse, worst"
- "far, farther, farthest"
- "little, less, least" (kwa kiasi)
- "many" na "much": "more, most"

Kwa kuwa "better" tayari ina maana ya "nzuri zaidi", "more better" ni kusema "nzuri zaidi zaidi".

Mitego mingine

"Mdogo wangu" si "my small brother". Hapo Kiingereza kinapima umri, si umbo: "my younger brother". Dada mkubwa ni "my older sister".

"Refu" nayo ina sura nyingi. Mtu ni "tall", mlima ni "high", barabara ni "long", na kina cha maji ni "deep". Ndiyo maana mtu anasema: "Lake Victoria is larger than Lake Tanganyika, but Lake Tanganyika is deeper."

Na kwenye meseji, chunga herufi moja: "than" ni "kuliko", "then" ni "halafu".

Jipime

Sahihisha sentensi hizi kabla ya kushuka chini:

1. "Today is more hot than yesterday."
2. "She is the most fastest runner in our school."
3. "My English is gooder than before."

Majibu: 1. "hotter". 2. "the fastest", bila "most". 3. "better".

Ukikosa moja, usikate tamaa. Angalia vitu vilivyo karibu nawe, vikombe, viatu au nyumba za jirani, uvilinganishe kwa sauti. Kila "zaidi" inapokujia mdomoni, uliza kwanza: neno hili ni fupi au refu?