Dua za Kinga dhidi ya Kijicho: Tuwaelewe Majirani Zetu wa Nzega



Katika ziara zetu vijijini Nzega, wajumbe wa kamati za parokia wametuuliza mara nyingi: kwa nini mama Mwislamu akimleta mtoto kupimwa uzito hupenda tuseme "Mashallah" tunapomsifia? Nao wafadhili wameuliza kama imani hiyo inakwamisha kazi ya afya. Tumeona vema tueleze, maana katika ukanda wetu jambo hili linagusa uhai wa watu.

Uislamu ulivyofika

Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Burton na Speke walipofika mwaka 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kufanya makazi. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani na kurudi. Walirudi na nguo, shanga na Kiswahili, na baadhi yao na dini. Ndiyo sababu leo si ajabu ukoo mmoja kuwa na Wakristo, Waislamu na wanaofuata mila za mababu.

Dua zenyewe

Kwa mafundisho ya Kiislamu, kijicho ni madhara yanayompata mtu kwa kutazamwa kwa husuda, au hata kwa kustaajabiwa bila kumtaja Mungu. Kinga yake ni kumwomba Mungu mwenyewe. Dua zinazotumika sana ni hizi:

1. Sura tatu za mwisho za Kurani (112, 113 na 114). Sura ya 113, Al-Falaq, inataja waziwazi shari ya hasidi. Husomwa mara tatu asubuhi na jioni. Wakati wa kulala msomaji hupuliza viganjani na kujipangusa mwilini.

2. Ayatul Kursi, yaani aya ya 255 ya sura ya pili, ambayo nayo husomwa kabla ya kulala.

3. Dua ambayo Mtume Muhammad aliwasomea wajukuu wake Hassan na Hussein, akisema kuwa Ibrahimu aliwaombea vivyo hivyo Ismaili na Isaka. Mzazi huomba mtoto akingwe na shetani, na viumbe vyenye sumu, na jicho baya.

4. "Mashallah", pamoja na kumwombea baraka yule unayemsifia.

Kuhusu hirizi, masheikh wanatofautiana. Wapo wanaoruhusu yenye maneno ya Kurani pekee, na wapo wanaozikataa zote. Wote wanakubaliana kwamba nguvu ni ya Mungu, si ya kamba wala karatasi.

Kisa cha kufundisha

Mapokeo ya Kiislamu yanasimulia kuwa Sahl bin Hunayf alikuwa akioga, rafiki yake Amir akastaajabia uzuri wa ngozi yake. Sahl akaanguka, akaugua. Mtume alimkemea Amir kwa kutomwombea mwenzake baraka, akamwagiza aoge, na maji yale akamwagiwa Sahl, akapona. Tuangalie vizuri: Amir hakufukuzwa wala hakupigwa. Aliyedhaniwa kuleta madhara ndiye aliyetumwa kuleta uponyaji, na urafiki ukabaki.

Hatari iko wapi?

Hatari huanza pale familia inapoacha dua na kwenda kwa mpiga ramli ili atajiwe mtu. Takwimu za Serikali zilionyesha kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake. Katika ukanda wa Shinyanga, Mwanza na Tabora, bibi vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Wekundu huo huletwa na moshi wa kuni na samadi uliowaingia miaka mingi jikoni, au na ugonjwa wa vikope. Dua humwelekeza mtu kwa Mungu. Ramli humwelekeza kwa jirani yake, naye akiwa na panga mkononi.

Hatari ya pili ni kuchelewa. Mtoto mwenye homa kali, degedege, au anayeshindwa kunyonya, apelekwe zahanati mara moja. Dua haizuii jambo hilo: Mtume mwenyewe aliwahimiza watu watafute dawa. Mama anaweza kusoma dua yake njiani.

Tunachoziomba kamati

Kwanza, siku ya kliniki tumsifie mtoto kwa kumtakia baraka. Haitugharimu kitu, na mama atarudi mwezi ujao. Pili, tuwashirikishe maimamu wa vijiji katika mafunzo ya afya, kwani neno lao juu ya dawa lina uzito kuliko letu. Tatu, tukisikia bibi ametajwa kwa uchawi, tumwendee siku hiyo hiyo, tukiongozana na imamu na mwenyekiti wa kijiji. Nne, wafadhili wetu wafahamu kuwa jiko lenye bomba la moshi na dawa ya macho ni kinga ya uhai wa kikongwe.

Nasi Wakristo tusijione wageni katika jambo hili. Katika Marko 7:22 Bwana Yesu anakitaja kijicho miongoni mwa maovu yatokayo moyoni mwa mtu. Basi kila mmoja wetu aanze kwa kuuchunguza moyo wake, kabla ya kuyachunguza macho ya jirani yake.