Wosia Ulioandikwa kwa Mkono

Wazee wengi huandika wosia kwa mkono wao wenyewe, wakaukunja na kuuweka sandukuni pamoja na hati ya shamba, wakidhani kazi imekwisha. Yafaa ijulikane kwamba mwandiko peke yake hautoshi.

Tuseme mzee mmoja wa Kesses ana ekari 10 za mahindi na ng'ombe 4 wa maziwa. Ameandika daftarini jinsi mali hiyo itakavyogawanywa kati ya mkewe na watoto wake. Je, karatasi hiyo itakubaliwa katika Mahakama Kuu ya Eldoret baada ya kufa kwake?

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haimlazimu mtu kupiga chapa wosia wake wala kuandikiwa na wakili. Lakini yataka mambo matatu.

Kwanza, mwenye wosia awe mtu mzima mwenye akili timamu, asiyeshurutishwa wala kudanganywa. Mwanamke, awe ameolewa au hakuolewa, ana haki hiyo sawasawa na mwanamume.

Pili, atie sahihi yake. Asiyejua kuandika aweza kutia alama ya dole gumba, au kumwagiza mwingine atie sahihi kwa niaba yake, naye akitazama.

Tatu, wapatikane mashahidi wasiopungua wawili. Kila mmoja amwone akitia sahihi, au amsikie mwenyewe akikiri kuwa sahihi ile ni yake. Kisha naye atie sahihi mbele ya mwenye wosia. Si lazima mashahidi hao wawepo pamoja kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mzee akimfanya mwanawe kuwa shahidi, na katika wosia huo amempa shamba, kipawa hicho hubatilika, isipokuwa wakiwapo mashahidi wengine wawili wasio na fungu. Ndivyo ilivyo pia kwa mke au mume wa shahidi. Basi ni afadhali kuwaita majirani wasiorithi kitu.

Tena, anayeoa au kuolewa baada ya kuandika wosia yampasa kuandika mwingine, kwani kwa kawaida ndoa huutangua ule wa kwanza. Urithi wa Waislamu hufuata sheria ya dini yao.

Wosia ukikosa mashahidi, mali hugawanywa kana kwamba mzee hakuacha neno lolote. Majirani wawili na kalamu moja waweza kuwaepusha watoto na ugomvi wa miaka mingi.