KWA NINI NYUMBA INALALA UPANDE



Msimu wa mvua huja na upepo mkali, na ukuta unaoanguka usiku huwakuta watoto wamelala. Ndiyo maana idara ya afya inaandika leo kuhusu misumari.

Wengi hufikiri nyumba huangushwa na uzito wa paa. Uzito unashuka chini tu, nguzo zinaubeba. Hatari ni nguvu inayosukuma kwa upande: upepo, au tetemeko la ardhi kama lile la tarehe 3 Februari 2008 lililoua watu Bukavu na Rusizi.

Jaribuni hivi. Pigilieni fito nne ziwe umbo la dirisha, kisha sukumeni kona ya juu. Zinalala. Ongezeni ufito mmoja kutoka kona hadi kona: hazilali tena. Plaiwudi iliyopigiliwa pande zote nne hufanya kazi hiyohiyo, tena vizuri zaidi, mradi misumari isipungue. Kila sentimita 15 kwenye kingo ni kipimo cha kawaida. Karatasi ya plastiki inazuia mvua tu.

Upepo ukipiga ukuta wa mbele, ukuta huo unasukuma paa, na paa linapeleka nguvu kwenye kuta za ubavuni. Hizo ndizo zinazopigana.

Lakini ukuta mgumu usioshikwa chini utateleza, au utanyanyuka upande ule upepo unakotoka, kama kabati linalosukumwa likaanza kupinduka. Ukuta wenye kimo cha mita 2 na upana wa mita 1, ukisukumwa kwenye ukingo wa juu kwa nguvu ya kilo 100, mguu wake unanyanyuliwa kwa nguvu ya kilo 200 (tukiacha uzito wake wenyewe). Upana ukiwa mita 2, ni kilo 100 tu. Kwa hiyo vipande vyembamba kando ya mlango ndivyo vinavyotaka kushikwa zaidi.

Kwenye msingi wa saruji, fundi huweka bolti kuzuia kuteleza, na vyuma kwenye ncha mbili za ukuta kuzuia kunyanyuka. Kwetu kambini, kazi hiyo ni ya nguzo za pembeni: zifukiwe angalau sentimita 60, zishindiliwe kwa mawe. Mchwa hupenda kula pale udongo unapokutana na mti, basi chimbeni kidogo mwangalie.

Mlango ulioanza kukwama, au udongo wa ukuta uliopasuka kwa mshazari, ni dalili kwamba nyumba imeanza kulala. Kuegemeza gogo nje hakutoshi. Pigilieni fito za mshazari katika kuta zote nne, moja ikielekea kushoto na nyingine kulia, kwa maana upepo hugeuka.