Hadi Diski ya Nje Ikianza Kufa: Okoa Nyaraka Kwanza, Picha Baadaye

Wengi wetu tulioko huku tuna kile kiboksi kidogo cheusi ndani ya begi. Humo kuna picha za watoto, video za harusi tulizozikosa, kopi ya pasipoti na viza, mkataba wa kazi, picha za risiti za hela tulizotuma, na makubaliano ya kununua kiwanja. Kikianza kusumbua, watu wanachomeka na kuchomoa mara ishirini na kukijaribu kwenye kila kompyuta ya jirani, mpaka kinakata roho kabisa. Sisi tunasema hivi: diski inayokufa ina muda mchache uliobaki, na hakuna anayejua kama ni dakika kumi au siku tatu. Uchukulie kama salio la mwisho kwenye simu. Humpigii mtu wa stori, unapiga simu ya maana.

Kwa nini inakufa? Eksteno ya kawaida ina sahani ndani, na nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea karibu sana na sahani bila kuigusa. Nafasi iliyobaki ni nyembamba kuliko unywele, nyembamba mno. Ikidondoka kutoka kitanda cha juu huku inafanya kazi, kichwa kinaweza kuigonga sahani na kuikwangua. Joto nalo linaichosha, kwa hiyo usiiache kwenye gari wala kontena la saiti wakati wa kiangazi cha Ghuba.

Kabla ya kulia, hakikisha ni diski kweli. Waya wa USB huchoka mapema, basi azima mwingine mfupi na uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio. Wengi hawana laptop na wanaichomeka kwenye simu. Simu nyingi hazitoi umeme wa kutosha kuizungusha, na diski iliyokosa umeme nayo hulia tik, tik kama mgonjwa. Halafu kuna virusi vya kafe za intaneti: unafungua unakuta kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato, au diski inaonekana tupu lakini nafasi imejaa. Hapo mafaili mara nyingi yapo, yamefichwa tu. Usifute chochote, usibonyeze hizo njia za mkato, mtafute anayejua kuyafichua.

Sasa sikiliza. Waya ni mzima, umeme upo, na bado inagonga tik, tik, tik au inakwaruza? Chomoa na usiichomeke tena. Kila sekunde inayozunguka hivyo inaweza kuwa inakwangua picha zako. Hakuna programu ya kutibu kichwa kilichovunjika. Kama haina kelele ila ni nzito kufungua, inapotea na kurudi, au faili moja inachukua dakika tano, hapo bado una nafasi yako mwenyewe.

Windows ikikwambia diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, bonyeza Cancel. Hata ikuulize mara kumi. Ikisema iichunguze na kuirekebisha, kataa pia. Kazi hiyo inaweza kuandika juu ya diski yenyewe na kuisomesha sana, na diski mgonjwa haiwezi marathoni.

Kinachofuata ni mpangilio. Tafuta kwanza pa kuwekea, flashi au diski nyingine yenye nafasi, kabla ya kuchomeka ile mbovu. Andika kwenye karatasi unachokitaka kwa zamu: nyaraka, kisha picha za watoto, kisha mengine. Makubaliano ya kiwanja ni faili dogo, linahama kwa sekunde. Filamu na miziki acha kabisa, utazipata tena. Tunajua kuna anayekopi kila kitu kwa mkupuo kwa sababu ni rahisi, na ndiyo njia ya kuikuta diski imekwama kwenye filamu ya Kihindi huku mkataba haujaguswa.

Kukopi kwa kuburuta kuna ubaya mwingine: ikikuta faili bovu inasimama kukuuliza, au inaning'inia. Kwenye Windows ipo amri ya bure iitwayo robocopy. Kama diski mbovu ni E na nzuri ni D, unaandika: robocopy E:\Nyaraka D:\Okoa /E /R:0 /W:0. Hizo sifuri ni muhimu. Bila kuiambia, amri hiyo hurudia faili bovu hadi mara milioni moja, na inasubiri sekunde 30 kila mara. Ukiiwekea sifuri inaliruka na kusonga mbele.

Kama kuna mtu kambini kwenu anayejua Linux, mwombe atumie GNU ddrescue, nayo ni bure. Haifuati faili moja moja. Inanakili diski nzima kwenda nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi, inachukua kwanza sehemu zinazosomeka, inaruka mbovu, kisha inazirudia mwishoni. Inaweka kumbukumbu ya ilipofika, kwa hiyo unaweza kuizima ipoe na kuendelea kesho. Hatari yake ni moja: ukibadilisha majina, ile tupu ikawa chanzo, umejifutia kila kitu. Kama hujawahi kuitumia, usijifunzie kwenye diski ya kiwanja chako.

Programu za kufukua mafaili yaliyofutika, kama PhotoRec na Recuva, ni nzuri, ila tumia juu ya nakala, si juu ya diski inayokufa. Na usihifadhi kilichopatikana kwenye diski ileile, maana unaandika juu ya vile unavyovitafuta.

Kuna ushauri wa kuiweka kwenye friza. Achana nao, ikitoka inatoa jasho la maji ndani. Kufungua lile boksi la chuma ili uone ndani ni kuimaliza, chembe moja ya vumbi inatosha.

Tuje kwenye hela. Kufungua diski kitaalamu hufanyika kwenye chumba kisicho na vumbi, na bei ni mamia ya dola, wakati mwingine zaidi ya elfu moja. Fundi wa mtaani anayeahidi kuifungulia juu ya meza yake, mshukuru na uondoke na diski yako. Kampuni nzuri inakupa makadirio ya bei kabla ya kugusa kitu, na nyingi hazidai malipo kama hakuna kilichopatikana. Uliza haya kabla, na uyapate kwa maandishi. Kwa fundi wa kawaida, kaa naye. Mle ndani mna pasipoti yako na picha zako za chumbani, usiache zilale dukani. Na tafadhali, usiichomeke kwenye kompyuta ya bosi, kikitokea chochote kwake utaulizwa wewe.

Kabla hujatoa mshahara wa miezi miwili, jiulize nini kati ya hivyo kipo kwingine. Programu nyingi za kutuma pesa kwenye simu zinaweka historia ya miamala, na dukani unaweza kuomba rekodi kwa kitambulisho chako. Kenya, aliyepokea kwa M-Pesa anaweza kupata taarifa ya miamala yake kutoka Safaricom. Kwa dada walioko Saudi Arabia, mikataba ya kazi za nyumbani husajiliwa kwenye mfumo wa Musaned. Makubaliano ya kiwanja, muuzaji na mashahidi huwa na kopi, na Tanzania kama mliandikishana serikali ya mtaa, anzia hapo. Picha nyingi ulishawatumia ndugu kwa WhatsApp. Dada yako nyumbani anaweza kuwa nazo kuliko unavyodhani, japo zimepungua ubora. Mara nyingi ukitoa hayo yote, kinachobaki ni picha za miaka michache. Kama ni za mzazi aliyefariki, lipa na usijilaumu. Kama sivyo, weka diski kwenye kitambaa kavu, iache kabatini, haiharaki. Hata baada ya mwaka utaweza kuipeleka.

Ukishaokoa, nyaraka zisikae sehemu moja. Jitumie kwa barua pepe, na flashi moja imfikie mtu unayemwamini nyumbani.

Na ile diski mbovu usiiuze wala kuitupa nzima, mtu anaweza kuzifukua nyaraka zako. Itoboe kwa drili matundu matatu yapite kwenye sahani. Vaa miwani ya kazi kwanza, maana sahani za diski hizi ndogo nyingi ni za kioo na zinapasuka vipandevipande.