Nyumba Yenye Makao Chini ya Ardhi

Sisi askari, tukikaribia kustaafu, huwaza kwanza juu ya nyumba. Huko Marekani, tangu mwaka 1944 serikali hudhamini mikopo ya nyumba kwa waliotumikia jeshi. Lakini kabla ya mkopo kutolewa, mthamini hufika kuikagua nyumba. Baadhi ya wanunuzi huchagua nyumba ambayo ghorofa yake ya chini ya ardhi imegeuzwa makao ya kupangisha, wakitumaini kwamba kodi italipa deni.

Hapo ndipo hesabu huwageuka. Kwa kanuni za Fannie Mae, shirika kubwa linunualo mikopo ya nyumba, ghorofa iliyozama ardhini, hata kwa sehemu tu, haihesabiwi pamoja na eneo la vyumba vya juu, ijapokuwa imepambwa na kuwekwa jiko. Huandikwa peke yake, na kwa kawaida hupewa thamani ndogo. Mthamini huuliza pia: Je, kibali cha ujenzi kipo? Dari ina kimo cha kutosha? Lipo dirisha la kujiokolea moto ukizuka?

Huo si ubahili. Tarehe 1 Septemba, mwaka 2021, mvua za tufani Ida ziliufurika mji wa New York, na watu 11 walikufa katika makao ya namna hiyo, mengi yakiwa hayana kibali.

Basi, kabla ya kutoa kiinua mgongo chetu, tuulize kibali na njia ya kutokea. Handaki lisilo na njia ya kutokea ni mtego. Nyumba nayo ni vivyo hivyo.